Mchumba wa Majaribio

Asubuhi ile mji wa Ho uliamka umeposwa wote. Kwenye benchi la Yayra, muuza uji wa koko, hapakuwa na habari nyingine. Kampuni ya umeme wa jua ya Dzigbe ilikuwa imewatumia wateja wake ujumbe: "Mpendwa mteja, umepata mchumba. Jibu NDIYO kumkubali."

Efo Redio, fundi simu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, aliapa kwamba ni mbinu ya serikali kuhesabu makapera. Mwalimu Agbeko, mstaafu na mgane, alisema ni wezi tu, na anayejibu ujumbe wa namna hiyo akili zake ziko likizo. Afi Cherehani, mshona nguo, akaweka bakuli chini.

"Mimi nimejibu," alisema. "Miaka sita mjane, simu inaniuliza kwa adabu kama nataka mchumba. Nikatae ili iweje?"

Selorm alikaa pembeni, koose, kitumbua cha kunde, mkononi, hatafuni. Yeye ndiye mtunza kanzidata wa kampuni hiyo. Walikuwa na mifumo miwili, wa kweli na wa mazoezi, na kila mwezi taarifa za ule wa kweli zilimwagwa juu ya ule wa mazoezi zikafuta chochote zilichokikuta. Kabla ya kumwaga, Selorm alipaswa kuweka kando majedwali matatu yasiguswe. Mojawapo lilikuwa la namba za simu, ambamo kila mteja alipewa namba ya Selorm mwenyewe, ili upuuzi wote wa majaribio uishie mfukoni mwake. Jana, akiwahi mechi, aliweka kando mawili. Leo wenzake wa kazini wamejaribu kutuma ujumbe wa mchumba kutoka mfumo wa mazoezi, na simu yake haikutikisika hata kidogo. Maana yake umewafikia wateja wenyewe.

Kisha simu ikaita. Alikuwa bosi. Wateja elfu kumi na moja, alisema. Arekebishe kabla ya saa sita au arudishe funguo.

Selorm akawaeleza wenzake wa benchini yote, macho chini.

"Yaani unapaka rangi nyumba," Yayra alisema, "picha mbili unazitoa ukutani, ya tatu unaipaka."

"Ndivyo, dada."

Hakuna aliyemcheka, isipokuwa Redio, tena kwa muda mrefu. Selorm akafungua kompyuta magotini. Alizima utumaji, akalirudisha jedwali la namba kutoka kwenye nakala aliyoihifadhi, kisha akauandikia mfumo amri mpya: majedwali yote matatu yasipokuwa kando, ukatae kumwaga. Saa tano na nusu aliwatumia wateja ujumbe wa kuomba radhi. Bosi akajibu kwa neno moja, "Sawa," na Selorm akakumbuka kutafuna.

Afi aliusoma ule wa radhi mara mbili.

"Sisi tuliojibu NDIYO, majina yetu yako wapi?"

Selorm alisema yako kwenye jedwali la majibu, watu mia tisa na kitu, na mwezi ujao yatafutwa kama mengine.

"Wanaume wamo?"

"Wengi."

"Basi na hilo liweke kando," alisema Afi.

Mwalimu Agbeko alikohoa, akatazama barabarani, akasema kwa upande wake haoni ubaya.