Ombi la Dakika Kumi za Kumwamkia Mtahini

Ole, Pemba
21 Septemba 2016

Kwa Msimamizi,
Kituo cha Mitihani ya Kiingereza,
Chake Chake.

Mheshimiwa Msimamizi,

Assalamu alaykum. Natumai umeamka salama, wewe na wazee wako, na kwamba mvua ya juzi haikuzikuta karafuu zenu zimeanikwa. Sisi hatujambo, ila bibi analalamikia goti.

Mimi ni Mwanapili Hamad. Nimemaliza skuli mwaka jana na nimepata nafasi ya kusomea ukunga nje ya nchi. Chuo kinataka cheti cha Kiingereza kabla ya Oktoba kuisha. Nikikosa, nafasi anapewa mwengine.

Fomu yenu inauliza kama mtahiniwa ana ulemavu unaohitaji kusaidiwa. Binamu yangu Kificho, ambaye sikio lake la kushoto halisikii, aliijaza na mkampa kiti karibu na spika. Mlifanya vyema. Mimi naona, nasikia na natembea, kwa hiyo nimetia alama penye "Mengineyo" nikaandika: adabu. Nafasi ya maelezo ilikuwa mstari mmoja, ndiyo sababu ya barua hii.

1. Katika majaribio ya kuzungumza, Mwalimu Soud, mtu mzima mwenye mvi, aliniuliza hali yangu kwa Kiingereza. Nilimjibu, nikamuuliza ya kwake, ya mkewe, ya watoto na ya shamba. Dakika zangu kumi na nne ziliisha tukiwa bado kwenye mguu wa mama mkwe wake. Akaniandikia sifuri. Naomba niongezewe dakika kumi za kuamkia na tano za kuagana, kwani kwetu mtu haondoki kama mwizi.

2. Aliandika pia kuwa sikumtazama machoni. Ni kweli. Ningemkazia macho mzee kama yule hapa Ole, habari ingefika nyumbani kabla yangu. Naomba mtahini aangalie dirishani.

3. Alisema vijana wa leo ni wavivu, akanitaka nitoe maoni. Nikakubaliana naye. Akasema basi nitoe hoja za upande wa pili. Mzee keshasema, upande wa pili utoke wapi? Naomba nitahiniwe na mtu aliyezaliwa baada yangu, hata kwa wiki moja.

4. Niliambiwa nijieleze na nitaje ninayoyaweza. Mtu hajisifu, husifiwa. Naomba nije na mashahidi: shangazi yangu Bi Moza, jirani yetu Bi Mwanabaraka, na bibi. Hawajui Kiingereza, lakini mimi wananijua. Bibi ameshaniambia, "Wakikuuliza habari ya kupika niite mimi, usende ukasema uwongo mbele za watu."

5. Baada ya kufikiri sana nimeona jambo jepesi kwenu ni mtahini aje kwetu. Atakaa barazani, mimi nitakaa ndani nyuma ya pazia, na Bi Moza ataingia na kutoka na maswali. Lakini akishafika atakuwa mgeni, na mgeni hafanyishwi kazi kabla ya siku tatu, kwa hiyo aje na nguo za kubadilisha. Siku ya nne, kwa kuwa ni wajibu wa mwenyeji kumtaka mgeni habari, mimi ndiye nitakayeuliza na yeye ndiye atakayejibu. Kama Kiingereza chake ni kizuri, nitakuarifuni.

Siombi alama za bure. Naomba nisilazimishwe kukosa adabu ili nionekane najua lugha. Wanawake nitakaowazalisha nao watataka kuamkiwa kwanza.

Nisalimie wote hapo ofisini, mkubwa kwa mdogo, na walio wagonjwa Mungu awaafu.

Mwenye kukuheshimu,
Mwanapili Hamad Mbarouk

Baada ya kutia saini: Nimeileta barua hii mwenyewe. Dirishani nimemkuta bwana mmoja wa makamo, mgeni asiyejua Kiswahili, akasema adabu haimo katika orodha yao. Imenibidi nimsomee barua yote kwa Kiingereza. Alilikataa ombi la tatu, nikampinga. Alilikataa la tano, nikampinga zaidi, uso kwa uso, kuanzia saa tatu hadi saa nne kasorobo, na sikumbuki kama nilimwamkia. Sasa hataki kuipokea barua na amenipangia mtihani Jumatatu, bila ya msaada wowote. Naipenyeza chini ya mlango wako. Tafadhali zungumza naye wewe, maana mimi naona haya.