Mama Jicho Kavu na Filamu ya Mkurugenzi

Umma unaarifiwa kwamba Idara ya Viwango vya Hofu haitavumilia tena filamu ya kutisha isiyotisha. Kila filamu itatazamwa na Mtazamaji Mzoefu, ambaye atashtuka mara tatu mbele ya shahidi, na kila mshtuko utajaziwa fomu kabla moyo haujatulia.

Agizo halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa Mtazamaji Mzoefu mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya mizuka na mapanga ilikuwa imemkausha, hata wenzake wakambandika jina la Mama Jicho Kavu. Maiti zikifufuka, yeye anafuma sweta. Filamu arobaini zilikuwa zimekwama kabatini kwa kukosa mshtuko.

Jumatano Mkurugenzi akamwita.

"Mama, faili lako linasikitisha. Mara ya mwisho kushtuka ni mwaka juzi."

"Siku ile niliumwa na nyuki, mzee."

"Hata mshtuko huo tuliupokea kwa shukrani. Sasa sikiliza. Ijumaa Waziri anakuja kutazama filamu ya Idara, niliyoitunga na kuiongoza mwenyewe kwa simu. Usiposhtuka, Jumatatu unahamia Kitengo cha Video za Harusi."

Hapo moyo ukampiga paa. Bahati mbaya fomu haikuwa karibu, mshtuko ukapotea bure.

Siku mbili alijifunza kupiga yowe chooni. Msafishaji akamsikiliza, akatikisa kichwa. "Dada, hilo ni yowe la mtu aliyekosa sabuni."

Ijumaa, taa zikazimwa. Waziri mbele, Mkurugenzi ubavuni pake, Mama Jicho Kavu nyuma yao na fomu mapajani. Filamu ilikuwa imerekodiwa humo humo Idarani, kwa kuwa saa za kazi ofisi huwa tupu. Zimwi lilikuwa karani wa masijala kajitanda shuka, soksi nje. Kabla ya kumnyonga mtu lilijipangusa miguu kwenye zulia.

Mama Jicho Kavu alisikitika kwa dhati. Akafungua kinywa apige yowe, akakifunga. Harusi au si harusi, hajawahi kulisingizia zimwi maishani mwake.

Zimwi likafungua kabati kutoa fuvu. Nyuma ya fuvu, mafaili ya malalamiko ya wananchi yamejaa hadi juu, yale ambayo Mkurugenzi alimwandikia Waziri kwamba yameliwa na mchwa.

Yowe likapasua ukumbi. Alikuwa Mkurugenzi.

"Si ndiyo yale ya mchwa?" Waziri akauliza.

"Mheshimiwa, hizo ni mbinu za kamera."

Kamera ikasogea, ikasoma lebo moja baada ya nyingine. Yowe la pili. Ilipofika kwenye lebo yenye jina la Mkurugenzi, la tatu, refu, lenye kituo katikati.

Mama Jicho Kavu alikuwa keshajaza fomu zote.

"Mzee, una miaka mingapi Idarani?"

"Ishirini na mbili," akajibu akihema.

"Basi kwa uzoefu umenipita. Weka saini upesi, moyo usije ukatulia. Na Mheshimiwa ndiye shahidi."

Filamu ikapita, ya kwanza tangu mwaka juzi. Waziri alitia saini huku akicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Kazi nzuri, mama. Wewe hapa huhami. Lakini mbona bado inaendelea?"

Kwenye pazia zimwi lilikuwa limepanda ghorofa ya juu, likashika kitasa cha mlango ulioandikwa WAZIRI.

"Washeni taa," Waziri akasema. Sauti ilikuwa nyembamba.

Mama Jicho Kavu akachomoa fomu ya nne.