Siku Niliyomwambia Rehema Akose kwa Kasi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na gauni jipya la kitenge. Kaeni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanafunzi wangu (wao wataongeza chumvi, na kisa chenyewe chumvi kinayo tayari).

Mnajua nafundisha hesabu huku juu milimani, njia ya Mlalo. Mnajua pia nilijipachika ukocha wa softiboli ya wasichana, kwa sababu nilihudhuria semina ya siku mbili nikarudi najiona bingwa. Mrushaji wangu anaitwa Rehema, yuko kidato cha pili. Mtoto ana shabaha huyo! Anazungusha mkono, anauachia mpira kwa chini, unakwenda pale pale alipotaka. Na wala hakufundishwa na mimi. Uwanja wetu umekaa ukingoni mwa mteremko, mpira ukipotea unaporomoka hadi kwenye kabichi za watu bondeni, na sheria ya timu ni kwamba aliyekosa ndiye anayeufuata. Kushuka dakika tano, kupanda robo saa. Nani atataka kukosa?

Tatizo ni kasi. Mpira wa Rehema ungeweza kusimama njiani ukasalimia watu ndipo ufike. Miezi mitatu nimehangaika naye. Akiongeza kasi, mpira unapotea. Akipunguza, unanyooka. Mimi nikate tamaa? Thubutu! Nilisema huyu binti atarusha kwa kasi, hata kama ni kwa kunikasirikia.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mzee Hoza, kocha anayechagua wasichana wa timu ya wilaya, alikuwa anakuja kumtazama. Na baba yake Rehema alishasema neno lake: akichaguliwa, ruksa, asipochaguliwa, softiboli basi, Jumamosi zake zinarudi kwenye kupalilia karoti. Rehema aliniambia hayo asubuhi, ameushika mpira kwa mikono miwili. "Madamu, mimi naupenda huu mchezo." Nikamwambia, "Utachaguliwa. Niachie mimi." (Mambo yaliharibikia hapo, kwenye kuniachia mimi.)

Saa nane mzee akafika. Shikamoo, marahaba, karibu, kiti hiki hapa, chai. Chai akakataa. Akakitazama kiroba tulichokitundika kati ya miti miwili, kimekatwa dirisha katikati, na nyuma yake mdakaji kasimama na glavu. Akasema, "Arushe kumi."

Rehema akapiga goti akamwamkia, kisha akaenda kusimama mahali pake. Wa kwanza, dirishani. Wa pili, dirishani. Wa tatu, dirishani. Mzee kimya, anaandika tu. Ule ukimya wake ndio ulioniponza! Nikajisemea, anaandika kwamba mtoto ni mzito. Binti wa watu anakwenda kwenye karoti hivi hivi namwona.

"Rehema! Kasi!"

"Madamu, nitakosa."

"Kosa kwa kasi!"

Naapa nilisema hivyo. Mwalimu wa hesabu mzima, mbele ya mgeni.

Akanitazama kidogo, akavuta pumzi, akauachia. Jamani, kasi ilikuwepo! Mpira ulipita juu ya kiroba, ukapita juu ya mdakaji aliyeruka mpaka mwisho wa uwezo wake, ukadunda mara moja ukingoni, ukatokomea. Na ndio mpira wetu pekee, mwenzake ulitumbukia mtoni wiki iliyopita.

Rehema akaanza kuelekea ukingoni, sheria ni sheria. Nikamzuia. "Wewe pumzisha mkono. Hilo kosa ni langu." Nikavua viatu vya visigino (visigino, uwanjani, msiniulize), nikakusanya gauni mkononi, nikashuka mbio. Nyuma nikamsikia Mzee Hoza, "Mwalimu! Ngoja kwanza, mwalimu!" Nikampungia mkono bila hata kugeuka. "Usijali mzee, naufuata!"

Mimi nimezaliwa huku huku. Najua kabisa kwamba mvua ikishanyesha asubuhi, mteremko wetu haukimbiwi. Leo nikasahau. Hatua tatu za kwanza nilikuwa nakimbia mimi. Zilizofuata, mlima ndio uliokuwa unanikimbiza. Nikadaka mgomba, nikabaki na kipande cha jani. Nikaupita mpira! Niliuona kabisa kwa pembe ya jicho, umetulia zake kwenye majani, nami huyooo, napita. Safari yangu ikaishia chini kabisa, nimekaa kitako juu ya lundo la samadi mbichi ya ng'ombe, pembeni ya kabichi.

Nikaona mabuti ya mvua mbele yangu. Nikainua macho. Baba Rehema, na jembe lake, katikati ya shamba lake.

Ningefanya nini? Mkubwa ni mkubwa. "Shikamoo, Baba Rehema," nikasema, nimekaa vile vile.

"Marahaba, mwalimu." Midomo inamcheza. "Umefuata mbolea?"

"Nimefuata mpira."

"Mbona mpira uko kule juu?"

Akageukia kabichi zake akasema maneno ya Kishambaa ambayo siwatafsirii, mabega yanamtikisika. Alipomaliza kuzicheka kabichi, akanipa mkono akanivuta. Halafu akauliza, na hapo hakuwa anacheka tena, "Mtoto vipi? Wamemchagua?"

"Bado. Njoo ujionee mwenyewe."

Niliongea kama mtu mwenye uhakika. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu. Tukapanda, yeye kabeba mpira, mimi nimebeba harufu.

Tunatokeza ukingoni, nasikia vigelegele. Rehema anarusha! Anarusha nini, na mpira anao baba yake? Kumbe Mzee Hoza ana mfuko mzima wa mipira kwenye gari. Ndicho alichokuwa ananiitia.

"Huu wa ngapi?" nikauliza.

"Wa kumi, Madamu," wasichana wakanijibu huku wameziba pua.

Rehema akamwona baba yake. Akaniona na mimi, akauma mdomo. Akakung'uta mkono, akauzungusha, akauachia. Dirishani! Na glavu ikalia paa! Miezi mitatu sijawahi kusikia mpira wake ukiliza glavu namna ile, na wala hakuna aliyekuwa amemfokea.

Baba yake alisema "Heee!" tu. Kisha akarudia, "Heee!"

Mzee Hoza akafunga daftari. "Tisa. Ule mmoja simhesabii yeye." Macho yake kwangu. "Binti tunamchukua. Kasi tutamwongezea kidogo kidogo, naona imeanza kuja yenyewe. Kulenga namna hii ndiko kunakotusumbua kufundisha."

Rehema alimrukia baba yake shingoni. Kisha akanijia mimi mbio, akafunga breki hatua tatu kabla hajanifikia, akapiga goti pale pale. "Ahsante, Madamu." Nililia, nawaambia ukweli. Machozi yakachanganyika na samadi, na sikujali hata kidogo.

Baba Rehema naye, mtu mzima na ndevu zake, hakuniachia nifurahi kwa amani. "Na mwalimu wake mnamchukua?"

Mzee Hoza akanipima toka unyweleni mpaka unyayoni. "Mwalimu abaki kwanza, akauke."

Sasa nimeshaoga mara mbili na sabuni ya kufulia. Mwenye kujua dawa ya kutoa samadi kwenye kitenge anitumie. Mwenye kucheka na acheke, lakini mkumbuke mnamcheka kocha wa mrushaji wa wilaya.