Mtoto wa Simba Huitwaje?

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefika kituo cha usahihishaji. Tunalala bweni la wasichana. Kitanda kifupi, miguu inaning'inia nje kama nguo za kuanikwa. Simu zimekusanywa mlangoni. Kila mtu kapewa kalamu nyekundu na onyo. Lakini nani kama mimi! Msahihishaji wa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi! Dada yangu alinisindikiza akinikumbusha kwamba binti yake ni mtahiniwa, na ni wa darasa langu mwenyewe. Nikamwambia atulie, mjomba yupo.

Habari mbaya: kiongozi wa meza yetu ni Kamusi. Anafundisha shule jirani. Tunamwita Kamusi kwa sababu hajawahi hata siku moja kukiri kwamba kuna neno asilolijua. Kiti kile nilikitaka mimi. Tena chake kina mto.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi tumesomewa mwongozo. Kila meza ina maswali yake, haigusi ya wengine. Yetu ni ya msamiati. Karatasi zina namba tu, hakuna jina la mtoto wala la shule. Ukimaliza wewe, wengine wanajumlisha, na wengine tena wanahakiki waliojumlisha. Hakuna anayemwamini mwenzake. Safi sana.

Kisha likasomwa swali letu la mwisho: Mtoto wa simba huitwaje? Jibu: shibli.

Shibli! Chai ikanipalia. Kamusi akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mimi darasa langu nimelifundisha "kingurumo".

Kosa si langu, ni la mkaguzi. Alikuja akaketi nyuma ya darasa, mtoto akauliza, neno likanipotea. Ningesema sijui mbele ya mkaguzi? Nikasema kingurumo. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Baada ya hapo ningerudi nyuma vipi? Nikalitungia na wimbo. Darasa zima waliimba, mpwa wangu akiongoza.

Basi, ni alama moja tu kwa kila mtoto. Hakuna atakayekufa.

Jumatano, 5 Novemba

Nilikosea. Alama moja ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Karatasi za shule moja hukaa kwenye bahasha moja. Leo Kamusi kafungua bahasha, kasahihisha ya kwanza: kingurumo. Ya pili: kingurumo. Ya tatu, hivyo hivyo. Akaanza kucheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akaenda kumwita Madamu Mkuu, mama anayesimamia ukumbi wote. Madamu ana miwani mbili, moja ya kusomea, nyingine ya kututazama sisi. Akavaa ya kusomea.

Akasema watoto wakifanana katika jibu sahihi hakuna neno, ukweli ni mmoja. Ila katika uongo kila mtu huwa na wake. Wakifanana kwenye uongo, basi kuna aliyewapenyezea jibu chumba cha mtihani. Matokeo yao yote yazuiwe, si ya swali hili tu.

Mwenzetu mmoja akauliza, je, kama ni mwalimu wao tu aliwafundisha hivyo? Madamu akajibu kwamba mwalimu huyo ajitokeze, watoto watapona. Yeye hataitwa tena kusahihisha maishani mwake. Akavaa ile miwani nyingine, akatuzungushia macho. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Uamuzi utatolewa kikaoni Jumamosi.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikula. Namfikiria mpwa wangu. Tangu mwaka jana anaamka kabla ya kuku, anasoma huku akichochea uji. Azuiliwe matokeo kwa ajili ya mdomo wangu? Roho inaniuma, nasema kweli. Nimeazimia kwenda kwa Madamu Mkuu kueleza kila kitu.

Nimekwenda hadi mlangoni. Nikawaza nitamwambia nini mke wangu, ambaye ameshawatangazia majirani wote cheo changu. Nikarudi.

Halafu nikapata akili! Neno likijulikana na watu wengi, si neno la wizi tena. Ni neno tu! Kazi yangu ni kulisambaza. Nimeanza jikoni. Nimemwambia mpishi kwamba paka wake ana kingurumo mzuri. Akasema huyo ni dume na ni mzee. Nikamwambia ni namna ya kusema.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya ushindi! Kwenye foleni ya chai nimelipachika neno kila mahali. Dereva kanieleza mwanawe hatulii, nikamwambia huyo ni kingurumo. Mlinzi kalisikia, kamwita mwenzake kingurumo, wakakosana, wakapatana. Mchana mpishi alikuwa akiwafukuza wapishi wadogo: tokeni hapa, vingurumo nyie! Wingi wake kautunga mwenyewe! Nusura nimkumbatie.

Kisha nikatupa ndoano kwa samaki mkubwa. Nikamfuata Kamusi, nikajifanya hamnazo. Nikamwambia kwamba watu wanasema yeye neno hili halijui, lakini mimi nimemtetea. Akavimba. Akasema analijua tangu utotoni, ila Jumatano alitaka kutupima. Bibi yake mzaa mama alilitumia sana, kumbe! Nikamwambia wasomi hawafichi elimu. Akaahidi kuitoa kikaoni.

Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikao. Madamu Mkuu kaweka ile bahasha mezani, kauliza nani ana la kusema. Kamusi akasimama. Mashallah, jamaa anajua kusema uongo! Akaeleza kwamba kingurumo ni neno la zamani sana, la wazee wetu, maana yake mtoto wa simba anayelala bila kufumba macho, na kwamba linatokana na "nguru", yule samaki, kwa sababu naye hulala macho wazi.

Samaki! Nilijikaza. Nilikaa juu ya mikono yangu. Lakini mtu anamharibia mwenzake mtoto wake hadharani, nawe unyamaze? Nikajikuta nimesimama, nikapaza sauti kwamba samaki hahusiki hata kidogo, neno limetoka kwenye kunguruma, kila mwenye masikio anasikia!

Madamu akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. Akaniuliza nimejuaje.

Nikasema, bibi yangu pia. Mzaa baba.

Alinitazama muda mrefu mno. Nadhani alijua. Ndala zangu nazo alizitazama. Kisha akasema kwamba kama neno lina mabibi wawili na hadi jikoni linapikwa, basi watoto waliliokota nyumbani, si chumba cha mtihani. Alama hawapati, jibu ni shibli. Ila hakuna wa kuzuiliwa matokeo. Bahasha ikafungwa.

Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya tangi la maji, kwa furaha. Lililoniudhi ni moja tu: watu wote walikwenda kumpongeza Kamusi kwa neno langu.

Jumatatu, 12 Januari

Matokeo yametoka. Mpwa wangu kafaulu vizuri sana, kachaguliwa shule nzuri, dada yangu kapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Nikamwambia binti kwamba angepata na ile alama ya simba angekuwa juu zaidi, lakini si kitu. Akainamisha kichwa. Akasema ile aliipata. Aliandika shibli. Alikuwa ameangalia kwenye kamusi siku ile ile niliyowafundisha.

Nikamuuliza, na wimbo je? Mbona aliuongoza? Akasema, shikamoo mjomba, niliimba kwa heshima.

Sikumkaripia. Lakini imeniuma. Darasa zima lina umoja, yeye peke yake anajitenga!

Hata hivyo, mwenye akili huambiwa mara moja, na mimi Madamu Mkuu alikwishaniambia: katika uongo kila mtu huwa na wake. Leo nimeanza na darasa jipya. Mtoto mmoja kauliza mtoto wa nyangumi huitwaje. Sikubabaika hata kidogo. Nimewaambia safu ya dirishani waandike kipulizo, safu ya kati kizamio, safu ya mlangoni kinyangu. Na nimewakataza kabisa kuimba pamoja.