Jinsi Nilivyopandisha Robe za Maman kwenye Google

Jumatatu, 1 Julai

Likizo imeanza vibaya. Maman ametangaza mezani: Septemba ikifika bila hata bibi arusi mmoja aliyetupata kwa internet, anafunga boutique yetu ya kukodisha robe, magauni ya arusi, hapa Muhumba, Bukavu. Atabeba robe zote na kuhamia Minova kwa dada yake. Na mimi pia. Shule huko huko.

Nikasukuma pembeni sahani yangu ya sombe. Minova! Imenichukua miaka kuzoea kuwanyamazia watu wa hapa. Sitaki kuanza upya kuwanyamazia wengine.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenitazama. Naitwa Joviale, yaani mchangamfu, na sijachangamka hata siku moja. Mteja akiingia, najificha nyuma ya mavoile, zile shela za mabibi arusi. Ndiyo maana mwaka jana nilimtengenezea Maman site: ili watu waiulize site, wasiniulize mimi. Lakini nani anaiona? Ukiandika "robe ya arusi Bukavu" kwenye Google, wa kwanza ni Maman Colette wa mtaa wa Nguba. Wa pili ni Maman Colette tena, na picha. Sisi tuko ukurasa wa nne, chini ya muuza matofali.

Nitatupandisha. Naapa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwuliza binamu yangu Josué, anayesoma informatique, mambo ya kompyuta, chuo kikuu. Kasema Google inasoma maneno. Neno likiwa ndani ya site yako, inakuleta mbele. Aliendelea kueleza kitu kuhusu kiasi, lakini mégas zangu za internet zilikuwa zinaisha, nikakata.

Basi! Nimeandika "robe Bukavu" toka juu hadi chini, kama mtu anayesali rozari. Maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe! Google itasoma, watu hawataona. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Jumamosi, 6 Julai

Aibu. Aibu kubwa. Mteja amefungua site yetu mbele ya Maman. Kumbe telefone yake ameiweka giza, kulinda batri. Ukurasa ukageuka mweusi, na maandishi yangu yote yakatoka nje kama panya. Robe Bukavu robe Bukavu robe Bukavu. Akauliza kama mutoto ya Maman iko na homa. Maman akajibu hapana, iko vile tu.

Mteja akaenda Nguba.

Josué alicheka mpaka akakaa chini. Anasema Google haipendi ujanja. Inapenda site inayosifiwa na watu: nyota nyingi, maneno mazuri. Sawa. Watu ninao. Kwaya yetu yote ya parokia!

Jumapili, 7 Julai

Mimi niko alto, yaani nafungua kinywa tu, sauti haitoki. Nilitaka kusimama baada ya mazoezi niombe nyota. Nilisimama. Nikakaa. Nikaandika kwenye groupe ya WhatsApp, nikiwa nimekaa nao benchi moja.

Papa Zagabe, maître wetu wa kwaya, alisoma ujumbe kwa sauti mbele ya wote. Nilitamani sakafu ifunguke. Lakini akaahidi: mutoto yetu, tutakusaidia, tena kwa nguvu!

Jumatano, 10 Julai

Wamenisaidia. Ole wangu.

Papa Zagabe ndiye aliyeanza. Nyota tatu. Chini yake ameandika: "Kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Robe ni nzuri. Tumsifu Yesu Kristo." Na kwaya ikifuata maître, inafuata kweli. Soprano tatu. Tenor tatu. Besi tatu, na "Amina". Tulikuwa na nyota tano za tantine, shangazi zangu, sasa tumezama. Hata muuza matofali ametuacha mbali.

Nikamwandikia Papa Zagabe kwa adabu kwamba tano ingekuwa bora. Akajibu tano ni Majeraha ya Bwana, atanipa wakati wa Kwaresima.

Ijumaa, 12 Julai

Josué amechoka nami. Kasema niache ujanja, niweke kwenye site kitu ambacho watu wanakitafuta kweli.

Nikafikiri. Watu wa Bukavu wanatafuta nini? Majina! Jina lao, jina la jirani, jina la mchumba wa jirani. Na majina yako wapi? Kwenye valve ya parokia, ule ubao wa matangazo pembeni ya mlango. Ndoa zote za kiangazi: nani anamwoa nani, mtoto wa nani, wa wapi. Na chini: mwenye kujua kizuizi amwambie Padri.

Nimepiga picha karatasi yote. Kila wachumba wawili nimewapa ukurasa wao, na picha ya robe pembeni. Nimeanza na Gracien na Carine, maana Carine ndiye mteja wetu mkubwa msimu huu, amechukua ile robe ya dantelle, kitambaa cha lesi, yenye mikono mirefu. "Hongera Gracien na Carine!" Na picha yao ya fiançailles, siku ya uchumba, nimeitoa kwenye statut ya Carine ya WhatsApp.

Sikumwomba mtu ruhusa. Ya nini? Hayo husomwa kanisani kila Jumapili.

Jumanne, 16 Julai

TUMEPANDA! Andika jina la yeyote anayeoa mwezi huu: wa kwanza ni sisi! Maman Colette haonekani hata kivuli. Nilicheza peke yangu kati ya mavoile. Maman akanikuta, akauliza nimekunywa nini.

Jumatatu, 22 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi dada mmoja ameshuka na boti kutoka Minova, akaja moja kwa moja boutique, telefone mkononi. Anaitwa Bintu. Akasema ametuona kwenye Google. Mteja wa internet! Nilitoka nyuma ya mavoile mwenyewe. Nikasema karibu. Kwa sauti!

Akanionyesha ukurasa wangu: "Hongera Gracien na Carine!" Akauliza kama huyu Gracien ni yule mwenye jino la mbele lililovunjika. Nikajibu kwa furaha, njo yeye, bwana arusi muzuri sana, anacheka vizuri.

Bintu akatafuta kiti. Akasema huyo ni fiancé yake, wa kumwoa yeye. Familia ya Gracien ilishaleta ng'ombe wa mahari kwao. Baba yake ameshawapa hao ng'ombe majina.

Nikafungua kinywa. Alto.

Na hapo, nani anaingia kujaribu robe? Carine!

Maman alifunga mlango, akawakalisha wote wawili, akamimina chai. Wakasomeana ujumbe wa Gracien. Maneno yaleyale! "Weye njo roho yangu, weye njo pumzi." Hata saa ya kutuma ilikaribiana. Carine akaanza kulia juu ya dantelle. Maman akamwambia kwa upole: lia, mwanangu, lia vizuri, lakini robe tuweke pembeni kwanza. Bintu akacheka bila kutaka. Carine akacheka pia. Wakacheka na kulia mpaka chai ikapoa, kisha wakampigia Gracien pamoja. Alikata. Wakampigia tena.

Hakuna arusi. Robe imerudi kwenye msumari. Mteja wetu mkubwa, nimemfukuza mimi.

Na bado. Bintu akipangusa macho, aliziangalia robe moja moja, akasema: "Maman, kule Minova hatuna boutique kama hii. Leta hizi robe kule, utashindwa na kazi!"

Maman akanitazama. Macho yake yaling'aa. Nimejimaliza mwenyewe.

Jumatano, 24 Julai

Padri Benoît ameniita. Kwanza alinikaripia: majina ya watu si mihogo ya kuanika popote. Niliitikia kwa kichwa. Kisha akakuna ndevu. Akasema tangazo la Gracien walilisoma kanisani Jumapili tatu, kwa kipaza sauti, hakuna aliyejitokeza. Wao walikuwa wanapiga kelele Muhumba, masikio yalikuwa Minova.

Ameniapisha mbele ya msalaba: sitaweka tena jina la mchumba yeyote. Nimeapa. Nikiwa mlangoni akaniuliza, polepole, kama parokia yetu pia inaweza kupanda kidogo, maana parokia ya jirani iko juu yetu.

Majina yote nimeyafuta.

Jumamosi, 3 Agosti

Wamejaa! Si mabibi arusi, mama zao! Habari ya Gracien imezunguka mji mzima. Wa kwanza aliuliza kama ni hapa wanachunguza bwana arusi. Maman akasema hapana, maman, hapa tunakodisha robe. Yule mama akasema amesikia wa robe za Nguba wanapendezesha tu, wa Muhumba wanapendezesha na kuokoa. Amechukua robe, na voile, na nguo za wasimamizi.

Wa tatu alipouliza swali lilelile, Maman hakukana tena. Akasema, "Leta vipimo vya binti yako. Ya bwana arusi tutaona."

Hata Carine alipita. Hakuja kukodi. Alimleta dada yake mdogo, anayeolewa Desemba. Akanikumbatia. Nilisema asante, nadhani kwa sauti.

Jumapili, 18 Agosti

Tunabaki Bukavu! Maman amempigia dada yake Minova, akamwambia asimtayarishie chumba. Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikwenda nyuma ya mavoile nikalia kidogo, kwa furaha.

Kisha nikaangalia Google. Kwa kuwa majina nimeyafuta, Maman Colette amerudi juu. Wa kwanza na wa pili, na picha. Sisi ukurasa wa tatu. Je, mwaka ujao watu wakisahau habari ya Gracien? Hapana, sitakubali.

Lakini likizo hii nimekomaa. Nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi: wachumba. Wachumba ni watu wazima, wana mambo yao. Sitawagusa tena, nimeapa mbele ya msalaba.

Leo kwenye misa wamegawa karatasi ya watoto watakaobatizwa. Na sisi tuna robe ndogo za ubatizo, nzuri sana, hakuna anayezijua! Nimeshaanza kurasa. Jina la mtoto, jina la mama, jina la baba. Watoto wachanga tu, jamani, hawana siri yoyote. Na kila baba atafurahi kujiona kwenye Google.