Mkwe Asikabidhiwe Mdomo wa Mpira

Kitongoji cha Kambi ya Juu,
Ngombezi, Korogwe.

Kwa Ndugu Bernardo,
Mwenyekiti, Kikosi cha Wananchi cha Kuzima Moto.

YAH: USHAURI JUU YA KUSHIKA MDOMO WA MPIRA WA MAJI, NA KUONDOLEWA KWA ELIASI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana naambiwa kusimama bado kunakupa taabu tangu ule mpira ukupige goti. Pole sana. Mimi ni Efrazia, mama mkwe wa Eliasi, mwenye nyumba iliyoungua chumba wiki iliyopita, mchana kweupe, mbele ya kikosi chako chote kikiwa na kofia mpya. Nasikia Ijumaa mnakaa kikao kuamua kama Eliasi aendelee kushika mdomo wa mpira au aondolewe. Kwa kuwa ni mimi niliyezimiwa moto, nimeona si vibaya nikitoa ushauri. Aondolewe. Sababu zangu nazipanga kwa namba ili katibu wako asipate shida.

1. Mshika mpira autazame moto. Mafunzo ya mwaka jana nayakumbuka vizuri, maana maharage mliyokula niliyapika mimi. Mwalimu alisema: mguu mmoja mbele, shika kwa mikono miwili, mwenzako akae nyuma akubebee uzito, fungua maji polepole, na uyaelekeze chini kabisa moto unapoanzia. Hakusema popote kwamba moto upewe mgongo. Lakini Eliasi alipofika dirishani na kugundua kuwa kinachoungua ni chumba cha mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe yumo kitandani na kanga moja, aligeuka. Kwetu mkwe haoni kitanda cha mama mkwe, hilo nalijua, na siku ya harusi nilimsifu kwa adabu hiyo hiyo. Basi akawa anarusha maji juu ya bega bila kutazama. Yalifika kwa jirani yangu Dorkasi, aliyekuwa ameanika mahindi. Moto haukuwa kwa Dorkasi.

2. Salamu zingoje. Kijana ana heshima, sibishi. Ila kupiga hodi kwenye ukuta unaoungua, kusema "Shikamoo mama," kisha kusubiri, ni heshima iliyozidi kipimo. Nami ningefanyaje? Niliitika "Marahaba baba," nikakohoa. Akauliza nimeshindaje. Nikamjibu nimeshinda salama, ila kuna moto kidogo. Akasema, "Pole mama, watoto wanakusalimia." Hapo singa za mkonge nilizoweka chumbani za kusukia kamba zilikuwa zimeshateketea zote na godoro limeanza kushika. Kikosi kiandike kwenye kanuni zake kwamba salamu za watoto zitatolewa moto ukishazimika.

3. Wa nyuma naye achunguzwe. Habakuki, mliyemweka nyuma kubeba uzito, ameoa binti wa mdogo wangu, kwa hiyo mimi ni mama mkwe wake vilevile. Naye akageuka. Wanaume wawili wenye mpira, wote wakitazama upande wa kiwanda cha mkonge: mpita njia ataamini nini? Wapo waliokimbilia kiwandani na ndoo. Wakapewa na wao pole.

4. Mpira hauachiwi. Hili ndilo mnalomshtakia, na nawaunga mkono kwa moyo wote. Mwalimu alirudia mpaka sauti ikamkauka: maji yakiwa yanatoka, mdomo wa mpira usiuachie kwa lolote lile. Eliasi aliuachia. Ukaanza kujipiga huku na huku peke yake, ukavunja mtungi wangu, ukamwangusha Habakuki, ukakupata wewe goti, ukamkimbiza mbuzi wa Dorkasi hadi relini. Tena aliuachia makusudi, akaenda kufanya jambo la aibu ambalo, kwa heshima yangu na ya binti yangu Pendo, sitaliandika. Wazee wa pande zote mbili wamelisikia na wametikisa vichwa. Tangu hapo Eliasi akisikia sauti yangu tu anaingia kwenye mkonge. Wanawake wenzangu wa kwaya wakija kunipa pole wanaongea na sakafu.

5. Kwa hiyo napendekeza asiwepo mshika mpira mwenye mama mkwe katika kata hii. Najua karibu wote mmeoa hapa hapa, na aliyekwenda mbali kidogo ameishia Mnyuzi. Chukueni makapera. Ila makapera nao wana wachumba, na moto hauna haya, unaweza kuanzia kwa mkwe mtarajiwa. Iliyobaki ni kubadilishana: vijana wa Handeni wawe wanakuja kuzima moto wetu, na wetu wakazime wa Handeni. Safari ni ndefu, nakubali. Lakini watakaofika watakuta majivu ya mtu wasiyemjua, na hakuna atakayeona haya.

6. Na Handeni wakikataa, basi mama mkwe aachwe aungue kwa heshima zake zote. Mkwe ataruhusiwa kubeba jeneza, maana mama mkwe akishakufa hakuna mzee anayekataza abebwe.

Nakuomba haya yote yasomwe kwa sauti kikaoni. Nisalimie mkeo, katibu, Habakuki na mgongo wake, na Dorkasi ukimwona, mwambie nasikitika mahindi yameota.

Ni mimi niliyeunguliwa,
Efrazia Hiza

Nyongeza: Pendo ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Nilitegemea atacheka, hakucheka. Ameniuliza tu, "Mama, siku ile ungetoka kwa miguu ipi?" Mwenyekiti, nyonga yangu imelegea tangu masika, siinuki kitandani bila kushikwa. Moshi ulipozidi sauti ilinikauka, na Eliasi aliposema neno asisikie jibu, ndipo alipoutupa ule mpira. Aliingia amefumba macho, anapapasa ukuta, anasema, "Nisamehe mama, nisamehe mama," mpaka akanipata, akanibeba mgongoni na kanga yangu hiyo moja. Mikono yake yote miwili imeungua. Mpaka leo hajasikia asante kutoka kwangu, na inaniuma.

Kwa hiyo Ijumaa msisome huko juu, someni hapa tu. Mpira ni wa Eliasi. Na wazee wakitaka maelezo, mwambieni Eliasi aje anichukue nyumbani, anilete kikaoni mgongoni, mchana, apite nami katikati ya kambi watu wote wakituona.