Ombi la Kuwataka Mgombane Tena

Kwa Mratibu,
Ofisi ya Pamoja ya Mashirika ya Kimataifa ya Haki za Mtoto.

Ndugu Mratibu,

Nakusalimu wewe na wenzako wote wa ghorofa ya pili, pamoja na mlinzi wa getini, ambaye ndiye atakayekuletea barua hii kama hajaitia mfukoni akaisahau. Mimi ni yule fundi makochi wa nyuma ya ofisi yenu, niliyewatengenezea viti vya chumba cha mikutano. Mwili mzima, ila moyo haujatulia, na sababu ni ninyi.

Kwa heshima zote, nalalamika kwamba mmeanza kuelewana. Kuelewana kwenu kunaniharibia nyumba. Naomba mgombane tena kama zamani, na hoja zangu ni hizi:

1. Zamani kila shirika lilikuwa na lake. Wa kofia za bluu walikaa karibu na posta, wa fulana za njano juu ya duka la dawa, na wale wa miavuli ya kijani walifanyia kazi ndani ya gari. Jamani, raha iliyoje! Mtu wa bluu akija kuniuliza habari za shule ya binti yangu, namwambia jambo hilo liko kwa wa njano. Wa njano akija, namwomba asubiri kwanza nimalizane na wa kijani. Wa kijani akija ananikuta nimechoka kuhojiwa, na kwa kuwa ni watu wa afya, ananionea huruma anaondoka. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, maana hata salamu hawakupeana. Kuna siku walileta semina zao zote mtaa mmoja, saa ile ile, kila mmoja na kipaza sauti chake, na watoto wakaenda kwenye ile yenye soda. Mzazi alikuwa anapata nafasi ya kupumua.

2. Mwaka huu mkaungana. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba viti mlivyokalia siku ya kupatana nilivishona mimi mwenyewe, sponji nzito, kitambaa cha kahawia kisichoshika uchafu. Sponji ile ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mngekalia mbao tupu, mkutano ungevunjika kabla ya chai. Nilijipalia makaa kwa mkono wangu.

3. Sasa ukimjibu mmoja umewajibu wote. Wiki iliyopita nilijaribu kumpiga chenga dada wa bluu hapo mlangoni, nikamwambia mambo yote yako kwa wa njano. Akacheka! Akasema wa njano huyu hapa nyuma yangu, baba, mwambie mwenyewe. Kweli, alikuwa nyuma yake, na wa kijani alikuwa anafunga mlango wa gari. Gari moja, ndugu Mratibu! Watu waliokuwa hawaazimani hata mwavuli mvua ikinyesha.

4. Mmeanzisha baraza la watoto, na binti yangu hakosi. Ana miaka kumi na miwili, sisi nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Kanuni za baraza amezileta mezani kwetu: anayetaka kusema anyooshe mkono, na anayesema asikatizwe. Mke wangu amezipokea kwa mikono miwili. Anasema tangu tuoane hajawahi kumaliza sentensi. Juzi mimi, baba mwenye nyumba, nilinyoosha mkono kuomba chumvi, nikaambiwa nisubiri, kuna mzungumzaji mbele yangu. Chakula kilipoa.

5. Hili sasa ndilo lenyewe. Dada yangu mkubwa, yaani shangazi yake Chiriku, amepata mjukuu. Anataka Chiriku ahamie kwake, mji mwingine, akamshike mtoto na kusaidia kazi za ndani. Kuhusu shule, dada amesema ataangalia mambo yakishatulia. Namjua dada, mambo yake hayajawahi kutulia. Lakini nilishamwambia sawa kwenye simu, na dada ukimwambia sawa, papo hapo ameshatandika kitanda. Nilipoitangaza habari hiyo mezani, Chiriku akanyoosha mkono, akauliza kama kuna aliyemwuliza yeye. Nikamwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Akasema, tena bila jeuri yoyote, kwamba barazani wa bluu, wa njano na wa kijani wote walisema neno moja: mtoto asikilizwe kwenye jambo linalomhusu. Zamani angalau mmoja wenu angesema vingine, nami ningeng'ang'ania la huyo. Sasa nishike wapi?

Kwa hiyo gombaneni, angalau mpaka shule zifunguliwe. Sababu hazikosekani. Bishaneni nembo ya nani itangulie kwenye bango. Bishaneni nani akae karibu na feni. Mkishindwa kabisa, niko tayari kuja Ijumaa jioni na nyundo yangu, niinue kiti kimoja inchi mbili juu ya vingine, bure, na nisimwambie mtu. Nakuhakikishia mwezi hautaisha mtakuwa mmegawana ofisi. Hapo nitawapokea tena kila mmoja kwa siku yake, kwa chai na majibu yasiyofanana.

Haki za watoto zenyewe sina ugomvi nazo. Nilizipenda sana zilipokuwa kwenye bango.

Nisalimie wa bluu, wa njano na wa kijani, lakini kila mmoja umsalimie peke yake, na mlango uwe umefungwa. Msalimie na dereva. Mke wangu anawasalimu wote, ingawa hajui nimeandika nini.

Ni mimi, mzazi niliyezingirwa,

Fundi Makochi (Baba Chiriku)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, dada akapiga simu. Anakuja Jumamosi kumchukua mtoto. Nikasema sawa. Kila mara nasema sawa, jamani. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mbele yake ulimi wangu unakuwa mzito. Chiriku alisikia. Hakulia, hakunyoosha mkono. Alikwenda kukunja nguo zake kwenye begi, na juu kabisa akaweka sare ya shule. Nikamwuliza, sare ya nini tena? Akasema huenda shangazi akabadili mawazo njiani. Ndugu Mratibu, nilitoka nje nikasimama ukutani kama mgeni. Sitaki aende. Sikutaka tangu mwanzo. Yote niliyoandika hapo juu yapuuzeni, ningeandika upya lakini karatasi imekwisha. Msigombane hata kidogo. Njooni Jumamosi nyote, kwenye gari hilo hilo moja, mseme neno hilo hilo moja, maana mkiniacha peke yangu na dada nitasema sawa tena. Na kile kifungu cha kusikilizwa, naomba kujua kama kinamfikia pia mdogo wa mtu hata kama ameshaota ndevu, kwa sababu na mimi nina la kumwambia dada. Dada huwa anafika asubuhi na mapema. Tafadhali fikeni kabla yake.